Tambi Ziitwe Tambi

Nianze na ugomvi moja kwa moja, maana kurasa hizi ni chache na mimi nina mengi rohoni. Kuna ugonjwa umeingia katika hadithi zetu sisi waandishi chipukizi, na unaonekana vizuri zaidi pale wahusika wanapokaa kula. Chukua hadithi kumi za vijana wenzetu uzisome. Mhusika akiwa na hela, anakula spageti. Akiwa hana hela, anakula "chakula". Basi! Chakula gani? Kilipikwa na nani, kwa kuni au kwa mkaa, kilinukia nini? Hatuambiwi. Tajiri ana spageti, maskini ana neno tupu.

Mimi nasema hiyo spageti ina jina. Inaitwa tambi. Mama lishe anaijua kwa jina hilo, mwenye duka anaijua, mtoto anayetumwa na hela mkononi anaijua. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inaijua pia. Anayejifanya haijui ni mwandishi peke yake, tena mwandishi ambaye jana usiku kala tambi hizo hizo kwa shangazi yake na akaomba nyongeza.

Wengine mtasema, sasa huyu naye! Nchi ina matatizo lukuki, yeye anagombania tambi? Ndiyo, nagombania tambi. Mwandishi ana mali gani nyingine zaidi ya maneno? Fundi seremala akidharau mbao zake tutamwita mpumbavu. Mwandishi akidharau majina ya vitu vya jikoni kwao tunamwita msomi.

Hebu litazameni neno lenyewe. Utambi mmoja, tambi nyingi. Utambi ni ule uzi wa pamba tunaoutia kwenye koroboi, kwenye kandili, kwenye jiko la mafuta ya taa. Umekunywa mafuta upande mmoja, upande mwingine unawaka. Sasa tazama nyuzi za unga wa ngano, nyembamba, nyeupe, zimelala pamoja. Neno ni lile lile. Jikoni kwetu sufuria na taa vimekutana katika neno moja, na hakuna kamati iliyokaa kulitunga. Huo ni ushairi, ndugu zangu, na umetoka midomoni mwa watu ambao hawakuhitaji kalamu.

Na hiyo spageti mnayoikimbilia, mnajua maana yake? Kwa Kiitaliano ni vijiuzi, au vijikamba. Ndiyo maana yake, hakuna siri nyingine. Zile nyembamba kabisa, ambazo ndizo hasa tambi zetu za sikukuu, Waitaliano wanaziita "vermicelli", yaani vijiminyoo! Wanazo na nyingine zinazoitwa vipepeo, na nyingine vijisikio, na nyingine vijilimi. Mpishi wa Italia naye alitazama chakula chake akaona kitu cha nyumbani kwao, akakiita kwa jina la kitu hicho. Hakuona aibu kula minyoo. Kwa hiyo wewe unayefuta "tambi" kwenye hadithi yako ukaandika "spageti" hujapanda ngazi yoyote. Umeacha utambi ukashika kamba.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, Ujerumani, na nina sababu. Sisi watu wa Tabora tuna hesabu zetu na Wajerumani. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani ya ngome, asikamatwe na jeshi lao. Walitawala hapa mpaka Septemba 1916, Wabelgiji walipouteka mji. Mwaka huo huo wa 1916, walipokuwa wamebanwa na vita na fedha haziingii tena kutoka kwao, walitengeneza sarafu hapa hapa Tabora. Kulikuwa na za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, na za hela 20. Neno "hela" lenyewe ni Heller yao, kama "shule" ilivyo Schule yao. Wameondoka, maneno mawili hayo yamebaki, na leo hakuna anayekumbuka kwamba ni mageni. Hela tunaitafuta kila siku kana kwamba ilizaliwa Ng'ambo.

Kusini-magharibi ya Ujerumani kuna nchi inayoitwa Swabia, upande wa mji wa Stuttgart. Huko wana chakula chao cha asili kinachoitwa Spätzle. Ni unga wa ngano, mayai, chumvi na maji kidogo, unapigwa mpaka unakuwa mzito wa kuvutika. Halafu mpishi anautandaza kwenye kibao chenye maji maji, anaukwangua kwa kisu vipande vipande vyembamba vinavyodondokea kwenye maji yanayochemka. Vikielea juu vimeiva, unaviopoa. Wanakula kwa mchuzi wa nyama, wanakula na dengu. Ni tambi za mayai, fupi fupi na nene, hazina umbo la kueleweka. Na jina lake? "Spatz" ni shomoro, yule ndege mdogo wa paani. Spätzle ni vishomoro. Wapo wanaobisha kwamba asili ya jina ni nyingine, na ubishi huo una raha yake, lakini Mswabia wa kawaida akisikia jina la chakula chake anasikia ndege. Kuna aina nyingine yenye vipande vya mviringo, hiyo wanaiita Knöpfle, maana yake vifungo vidogo.

Mpaka hapo hakuna ajabu. Sisi tuna taa, Waitaliano wana minyoo, Waswabia wana shomoro. Ajabu ni hii. Kijerumani sanifu kina namna yake ya kudogosha jina. Shomoro mdogo angeitwa Spätzchen. Hiyo "-le" ya mwisho ni lafudhi ya Swabia, ni lugha ya kijijini, ya mama jikoni. Mjerumani wa Berlin akitaka chakula hicho anasema Spätzle, na "-le" yake ya Kiswabia. Lugha sanifu imepokea neno la lahaja na mkia wake, haikuukata. Na Waswabia hawakuishia hapo. Walikwenda mpaka Umoja wa Ulaya, na mwaka 2012 jina "Spätzle za Kiswabia" likawekwa chini ya ulinzi wa sheria, mtu wa pengine asilibandike kwenye bidhaa yake. Watu wameshika mafaili, wamekwenda ofisini, wamepanga foleni kwa ajili ya vishomoro vya unga! Sisi tunatupa tambi bure, hata hatujadaiwa.

Tena kuna jambo lingine linanichoma. Mmoja wa watu wa kwanza kukikusanya Kiswahili kwenye kamusi kubwa alikuwa Mswabia. Ni yule mmisionari Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Mtu aliyetoka katika nchi ya vishomoro alikaa na watu wa pwani, akauliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje, akaandika alichosikia. Alikuwa na malengo yake ya dini na sina haja ya kumvika kilemba cha ukoka. Nasema hivi tu: mgeni aliona kwamba majina yetu ya vitu yanafaa kuandikwa. Mwenyeji anayafuta.

Na si maneno ya hewani, yamenikuta mimi mwenyewe. Nina mswada wa riwaya, wa kwanza, unaotokea hapa Tabora na kijiji kimoja cha upande wa Sikonge. Niliupeleka kwa mchapishaji mmoja, jina nitalihifadhi, na baada ya muda mrefu ukarudi na wino mwekundu. Penye "tambi" pamewekwa "spageti". Sawa, hilo nimeshalijibu. Lakini penye "matobolwa" pamepigwa mstari na pembeni pameandikwa: neno la kienyeji, tumia Kiswahili. Penye "michembe" vivyo hivyo. Nikaambiwa niandike "viazi vikavu".

Viazi vikavu! Jamani, msomaji wa Lindi atajuaje ninachosema? Kwetu kiazi kitamu kinakauka kwa njia mbili, na kila njia ina jina lake. Ukikikata kibichi vipande ukakianika juani, hiyo ni michembe. Ukikichemsha kwanza, ukakimenya, ukakikata ndipo ukakianika, hayo ni matobolwa. Michembe lazima uipike ndipo uile. Matobolwa unaweza kuyatafuna hivi hivi, njiani, shambani, darasani mwalimu akigeuka. Ndiyo maana katika riwaya yangu yule kijana anayetoroka usiku anabeba matobolwa na habebi michembe. Angebeba michembe angekufa njaa karibu na kwao! Lakini mhariri keshavitia vyote kwenye gunia moja, "viazi vikavu", na hadithi yangu imepoteza akili yake.

Halafu hilo neno "kienyeji". Kienyeji kwa nani? Tuulize, huyu mkubwa anayeitwa Kiswahili Sanifu aliyapata wapi maneno yake? Rais wetu anakaa Ikulu. Ikulu ni neno la bara, la huku kwetu Unyamwezini, makazi ya mtemi. Mtemi naye ametoka wapi? Huku huku. Maneno hayo yaliingia kwenye magazeti na vitabu vya shule, na hakuna aliyeyapiga mstari mwekundu. Kumbe Kiswahili kinaweza kupokea neno la Mnyamwezi likiwa la jumba la mkubwa, ila likiwa la kiazi cha bibi yangu kinasema hapana. Hapo ugomvi si wa lugha tena, ni wa tabaka, na sisi vijana tusiokuwa na digrii tunauona vizuri sana kutoka tulipokaa.

Na Tabora si mahali pa kuja kufundishwa kwamba Kiswahili ni cha kina fulani. Lugha hii ilipanda kwetu kwa miguu. Ile njia ya msafara kutoka Bagamoyo, ikipita Ugogo kwenye kulipa hongo, ikifika Unyanyembe iligawanyika. Kuna iliyoendelea magharibi mpaka Ujiji, na kuna iliyokwenda kaskazini upande wa Karagwe na Buganda. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa, hilo tusilipake sukari. Lakini waliobeba mizigo kichwani wengi wao walikuwa Wanyamwezi, wapagazi wa kukodiwa, watu waliofika pwani wakarudi, wakaenda tena. Katikati ya njia ile Kiswahili kilisemwa na Mnyamwezi, Mwarabu, Mmanyema na Mgogo, na kila mmoja alikitia chumvi yake. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani hapa, Novemba 1857, walikuta mji wa wafanyabiashara wenye bustani na majumba. Stanley aliyefika mwaka 1871 ameandika kwamba Waarabu wa hapa walilima ngano kidogo kwa mahitaji yao kandokando ya matembe yao, wakapanda miembe, ndimu na mipapai, vitunguu na pilipili, na kwamba viungo na sukari vililetewa kutoka pwani. Miembe ipo mpaka leo, uliza yeyote aliyewahi kupita Tabora msimu wa maembe.

Kwa hiyo sahani ya tambi ninayoijua mimi ina jiografia nzima ndani yake. Kwetu siku ya Idi tambi zinavunjwavunjwa kwanza, zinakaangwa kwenye mafuta mpaka zigeuke rangi ya kahawia, halafu maji, sukari, iliki na zabibu kavu. Nazi hatuioti huku, hushuka na treni kwenye reli ile ile waliyoifikisha Wajerumani hapa mwaka 1912, ikifuata mkondo wa njia ya wapagazi. Nazi ikikosekana, kuna maziwa, na wapo wanaotupia karanga za kupondwa. Mpwani atacheka kuona karanga kwenye tambi. Na acheke! Hizo ni tambi za Unyamwezini, na atakayeziandika nani kama si sisi?

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema: spageti na tambi si kitu kimoja, spageti ni nene na ndefu, inaliwa na nyama ya kusaga. Sawa, basi sema tambi nene, sema tambi za nyama, sema tambi za sukari. Chai ya maziwa na chai ya rangi zote ni chai, na hakuna aliyekwenda kuazima jina Italia. Wa pili atasema: msomaji wa Nairobi au Mombasa hataelewa matobolwa. Namuuliza, wewe ulielewaje majina yote ya vyakula vya kigeni uliyokutana nayo kwenye vitabu ulivyosomeshwa sekondari? Hukuelewa. Uliendelea kusoma, sentensi ikakusaidia, ukafika mwisho. Kwa nini Mzungu awe na haki ya kukutoa jasho kidogo na mwenzako wa Tabora asiwe nayo?

Wa tatu, na huyu ndiye mshikaji wangu wa kijiweni, atasema: lakini mtu wangu, spageti inauza, inaonyesha mhusika ni wa mjini. Huyu ndiye namwogopa kuliko wote, kwa sababu anasema kweli kuhusu soko na uongo kuhusu mji. Mji gani? Nenda Kariakoo, nenda Kirumba, nenda Soweto ya Mbeya, sikiliza watu wanavyoagiza chakula. Mji unasema tambi. Mji unaosema spageti kila jioni upo kwenye hadithi zetu tu, tumeujenga wenyewe ili tuishi humo bure. (Na asije mtu akaniambia tambi zinaleta kitambi. Kitambi kinaletwa na kukaa kitako unasifu vya wenzako.)

Msinielewe vibaya lakini. Sipo upande wa wale wakubwa wanaotaka kila kitu kitungiwe neno jipya kwenye semina, neno ambalo likitoka pale halijui njia ya kwenda sokoni. Wala sisemi Kiswahili kijifungie ndani. Mjukuu wa mpagazi hawezi kuchukia maneno ya safari. Hela ibaki, shule ibaki, hata spageti ibaki kwa yule mhusika anayelisema kwa kujitutumua mbele ya mchumba. Hapo neno lina kazi, linamvua nguo. Ninachokataa ni kulitumia neno la kuazima kwa sababu tu unalionea aibu la nyumbani.

Sasa tufanye nini? Mimi nina masharti matatu niliyojiwekea, anayetaka ayachukue. Moja, kitu chenye jina jikoni kitaingia kwenye riwaya na jina hilo hilo. Mbili, hakuna mabano na hakuna tafsiri pembeni. Sentensi yenyewe ibebe maana, kama hivi: "Nilitafuna matobolwa njia nzima, utamu wa kiazi ukanikaa kwenye meno mpaka nikafika." Nani hajaelewa hapo? Tatu, nikiwa sijui jina la kitu, naenda kumuuliza anayekipika. Kumuuliza mama lishe hakumshushi mwandishi hadhi. Krapf aliuliza.

Mswada wangu nimeuandika upya wote kwa mkono. Kosa la kweli lililoonyeshwa kwa wino ule mwekundu nimelisahihisha, na yalikuwepo. Tambi nimezirudisha. Matobolwa nimeyarudisha. Michembe imerudi, na imeongezewa ukurasa mmoja mzima, ipikwe na karanga msomaji aione. Utakwenda kwa mchapishaji mwingine mwezi huu, na wa huko akiukataa utakwenda kwa wa tatu.

Wenzangu mlio na hadithi kwenye madaftari, fungueni leo mtafute pale mlipoandika "akala chakula akalala". Andikeni alikula nini. Na anayeona nimekosea asininong'one kijiweni, aandike. Kurasa za toleo lijalo zipo, na mimi nipo tayari kubishana mpaka tambi zipoe.